Uliza "Hiki Ni Nini?" Kabla ya "Bei Gani?"



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya ununuzi ulio salama hapa Unguja. Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, dada yangu alipokuwa akiolewa, nilitumwa kununua zafarani ya biriani ya harusi. Badala ya kwenda marikiti ya Darajani, niliingia duka moja la zawadi za watalii katika Mji Mkongwe, kwa sababu vifurushi vyake vilipendeza macho. Nilipatana bei kwa muda mrefu, nikapunguziwa nusu, nikatoka nikijiona hodari. Jioni mama alipoiloweka, maji yaligeuka rangi papo hapo, wala hapakuwa na harufu yoyote. Zilikuwa petali kavu za ua jingine. Siku ya pili nilirudi dukani. Muuzaji akaniuliza kwa upole: "Ndugu yangu, risiti yako iko wapi?" Sikuwa nayo, kwa kuwa sikuiomba.

Niliuliza bei mara kumi, lakini sikuuliza hata mara moja kitu chenyewe ni nini na kimetoka wapi. Katika masoko yetu bei ni jambo la kupatana, na hiyo ni desturi njema, biashara haigombi. Ukweli wa bidhaa, hata hivyo, haupatanwi.

Laiti ningeuliza, ningejua kwamba visiwa vyetu huzaa karafuu, mdalasini, iliki, manjano na kungumanga, lakini zafarani huletwa kutoka nchi kama Iran na Hispania. Kila ua hutoa nyuzi tatu tu, nazo huchumwa kwa mkono. Basi zafarani inayouzwa kwa bei ya manjano si zafarani. Nyuzi za kweli hutoa rangi ya dhahabu polepole, nazo zenyewe hubaki nyekundu.

Swali hilohilo litakulinda mbele ya vito. Tanzanite huchimbwa mahali pamoja tu duniani, Mirerani, katika Mkoa wa Manyara. Kioo cha buluu huweza kufanana nayo machoni. Usinunue jiwe mkononi mwa mpita njia. Taka cheti cha utambulisho, na risiti inayotaja jina la jiwe na uzito wake kwa karati.

Litakulinda pia mbele ya picha. Mtindo wa Tingatinga ulianzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968, naye alifariki mwaka 1972. Ukiambiwa kwa bei ndogo kwamba picha ni ya mkono wake, tia shaka. Ukiambiwa imechorwa kwa mkono, ipapase: rangi ya brashi huacha michirizo, iliyochapwa na mashine huwa laini mahali pote.

Vipo vitu ambavyo haifai kuvinunua kwa bei yoyote. Bangili na vitana vya gamba la ng'amba ni mfano. Mkataba wa kimataifa wa CITES unazuia biashara ya kasa wote wa baharini baina ya nchi na nchi. Uwanjani, anayeulizwa ni yule aliyebeba mkoba; muuzaji hayupo tena.

Sasa nawaachia mambo manne ya kushika kila mwendapo sokoni.

Kwanza, itazame mizani kabla ya kupimiwa. Mshale usimame kwenye sifuri. Kifurushi cha viungo kiwe na uzito ulioandikwa.

Pili, ukitajiwa bei kwa dola, omba itajwe kwa shilingi, kisha ndipo mpatane.

Tatu, hata katika maduka makubwa kama ya Michenzani, ambako bei imebandikwa, soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Kibandiko cha bei hakikuelezi lini bidhaa itaharibika.

Nne, dai risiti yenye jina la duka, tarehe na jina la bidhaa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ukidhulumiwa, rudi kwanza kwa muuzaji kwa maneno mema. Asipokusikiliza, njoo ofisini kwetu na bidhaa pamoja na risiti. Bila karatasi hiyo, neno lako na neno lake huwa na uzito mmoja, nasi hatuna pa kushika.

Biriani ya dada yangu ilipikwa kwa manjano, na wageni walikula wakashukuru. Mama hakunigombeza. Alisema tu kwamba fedha zile zilitosha kununua mbuzi mwingine. Tangu siku ile, kabla sijatoa pochi, huuliza: hiki ni nini?