Ruhusa ya Kucheka: Wanawake, Mzaha na Saratani ya Matiti

Mhadhara wa umma uliotolewa Sachangwan, Kaunti ya Nakuru



Wenzangu chuoni waliniuliza kwa nini mhadhara kuhusu kucheka niulete Sachangwan, mahali ambapo Wakenya wengi wakisikia jina lake hukumbuka moto. Nimeuleta kwa sababu hiyohiyo. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka hapa barabarani, watu wakakusanyika kuteka petroli, moto ukalipuka na watu zaidi ya 100 wakafa. Walioungua walijaza wodi za Nakuru, na wasiotambulika wakazikwa pamoja. Kisha nchi nzima ikaanza kuwajadili: tamaa, umaskini, ujinga. Waheshimiwa walikuja, wapiga picha walikuja, wote wakarudi walikotoka. Kwa hiyo mnajua, kuliko darasa lolote ninalolifundisha, kwamba mwenye kovu la moto anaweza kumtania mwenye kovu mwenzake wakacheka wote wawili, na mpita njia akilitamka neno lilelile likawa tusi.

Ninachotaka kusema jioni hii kinaanzia hapo. Wanawake wanaotibiwa saratani ya matiti wana mzaha wao. Ni mali yao, una kanuni zake, na unafanya kazi ambayo hospitali haijamwajiri mtu aifanye.

Ukubwa wa jambo lenyewe nitaupitia haraka. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwa mwaka 2020 yalionyesha karibu wagonjwa wapya 6,800 wa saratani ya matiti nchini Kenya, na vifo zaidi ya 3,000. Hakuna saratani nyingine inayowapata Wakenya wengi hivyo. Wengi hufika hospitalini uvimbe ukiwa umeshasambaa. Na wanaume wasijitoe kwenye hesabu, maana katika kila wagonjwa 100 hivi mmoja ni mwanamume, naye huchelewa zaidi kwa sababu ya aibu.

Sasa twende kwenye benchi la kliniki.

Mama wa hapa mwenye zamu ya dripu ya dawa ya saratani huamka saa kumi usiku. Husimama kando ya barabara kuu akiwa na leso juu ya sweta, akangoja matatu itakayoteremka kupitia Salgaa hadi Nakuru. Akifika hutolewa damu, kisha hungoja majibu, kwa sababu damu ikiwa chini hawekewi dawa. Ataambiwa arudi baada ya wiki, na nauli imeshaliwa. Damu ikiwa sawa, hungoja dawa ichanganywe. Dripu yenyewe huchukua saa kadhaa. Siku nzima, basi, ni ya kukaa, na pembeni yake wamekaa wengine wenye safari hiyohiyo: huyu wa Kuresoi, yule wa Elburgon, mwingine wa Bahati. Mkikuyu, Mkipsigis na Mkisii, na lugha wanayocheka nayo ni Kiswahili, kila mmoja na lafudhi ya kwao. Baadhi yao familia zao zilikimbiana mapema mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi. Sisemi kwamba saratani imeleta maridhiano. Benchi si tume. Ila wamekaa bega kwa bega wakipitishiana uji.

Sikilizeni yanayosemwa hapo. Mgeni wa siku ya kwanza ameshika pochi kwa mikono miwili. Nesi amemweleza madhara ya dawa kwa sauti nzuri, na yeye ametikisa kichwa kwa kila neno bila kusikia hata moja. Nesi akishaondoka, mama mwenye dripu ya tatu anamwinamia: "Leo utakojoa nyekundu. Si damu, ni rangi ya dawa. Mimi sikuambiwa. Nilimwita mzee wangu aje aone, akakimbia yeye akaniacha chooni." Benchi zima linacheka. Mgeni anacheka mwisho, akichelewa kidogo, kama mtu anayeuliza kwanza kama inaruhusiwa.

Dawa hiyo ni doksorubisini. Ni nyekundu kweli, na mkojo hubadilika rangi kwa siku moja au mbili. Karatasi ya hospitali inasema hivyohivyo. Tofauti ni kwamba usiku huo, akiwa peke yake chooni na tochi ya simu, mgeni atamkumbuka yule mzee aliyekimbia, hatapiga nduru, wala hataacha matibabu kwa hofu. Kichekesho kimebeba maelezo ya daktari hadi nyumbani.

Nywele hupukutika wiki ya pili au ya tatu baada ya dripu ya kwanza. Benchi litakwambia unyoe mapema, kabla mto haujajaa nywele, na litaongeza kwamba kwa miezi kadhaa msusi wako atakusalimia kwa uchungu kuliko ndugu zako. Kuna siku baada ya dripu ambazo chembe nyeupe za damu hushuka sana, na homa siku hizo ni dharura hata kama jana ulikuwa shambani ukichimba viazi. Kwenye benchi hilo husemwa hivi: homa haingoji Jumatatu. Usinywe maziwa mabichi siku hizo, hata kama mama mkwe ameyaleta mwenyewe na amesimama anakutazama. Na aliyetolewa tezi za kwapani anajua kwamba mkono wa upande ule unaweza kuvimba, kwa hiyo anaelekezwa zoezi la kupandisha vidole ukutani taratibu, kila siku juu zaidi. Zoezi hilo wao wanaliita kupanda Mau.

Halafu kuna soksi. Mama mmoja, baada ya kutolewa titi, alijaza sidiria yake kwa soksi ya mtoto ili aende kanisani. Jumatatu asubuhi mtoto wa darasa la tatu akageuza nyumba akitafuta soksi ya shule, baba naye akisaidia kutafuta, na mama akasimama jikoni akikoroga chai kana kwamba hajui lolote. Alilisimulia jambo hilo mwenyewe. Hakuna mwingine aliyekuwa na haki ya kulisimulia kabla yake, na hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya benchi: anayeanza kucheka ni mwenye jeraha. Aliyeachwa na mumewe hataniwi habari za waume mpaka yeye mwenyewe aufungue mlango huo. Siku ya majibu ya skani hapana mzaha. Na mgeni hachekwi kamwe, huchekeshwa.

Wasomi wa mila zetu hawatashangaa. R. E. Moreau, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza ndege kule Amani, Usambara, aliandika miaka ya 1940 kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika, wakati uleule A. R. Radcliffe-Brown alipokuwa akiandika kuhusu mahusiano ya mzaha barani Afrika. Waliona kwamba mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Msibani, ndugu wanalia, na mtani anafanya vituko, anamwigiza marehemu, anadai pesa, na papo hapo ndiye anayeshika kazi ambazo wafiwa hawaziwezi. Wazungu wale walivutiwa zaidi na matusi. Mimi navutiwa na kazi. Ruhusa ya kucheka inakuja pamoja na wajibu wa kubeba, na anayeutaka mzaha bila mzigo si mtani, ni mtu wa dharau tu. Huku kwetu Bonde la Ufa tunaujua uhuru huo kwa rika: waliotahiriwa pamoja huambiana yasiyosemeka mbele ya wakwe. Wanawake wa benchi ni rika la sindano. Wanatumiana nauli, wanachangishana kwa mzunguko kama chama chochote, wanampikia aliyelala, na kwa sababu hiyo wanaweza kuambiana lolote.

Jirani anayekuja na mkate na macho ya huruma hayumo katika rika hilo. "Amekuja kuhesabu," wanasema akishatoka, na kila mtu anajua kilichokuwa kikihesabiwa.

Mtu wa nje anaweza kufikiri kwamba kusaidiana huku kulibuniwa na wataalamu. Sivyo hata Marekani. Mwaka 1952 mwanamke wa New York, Terese Lasser, alitolewa titi, akagundua kwamba hakuna aliye tayari kumjibu maswali yake ya kawaida: avae nini, mkono autumieje, mumewe atasemaje. Akaanza kuingia wodini kwa wagonjwa wengine, akiwa na titi la kubandika la muda, kamba na mpira wa kufanyia mazoezi ya mkono. Madaktari wengine walimpinga. Shirika lake, Reach to Recovery, lilichukuliwa mwaka 1969 na Chama cha Saratani cha Marekani, na mfano wake ukaenea duniani.

Lakini msaada ukishapewa ofisi hubadilika. Mshairi Audre Lorde alitolewa titi mwaka 1978, naye akatembelewa wodini na mwanamke mwema wa mpango huohuo aliyemletea kitita cha sufu cha rangi ya waridi hafifu. Lorde alikikataa. Siku chache baadaye, kwenye kliniki, nesi alimwambia kwamba kutokuvaa kitu kunashusha ari ya kliniki. Kitabu chake cha 1980, The Cancer Journals, kinauliza swali ambalo bado linatusumbua: faraja hii ni ya mgonjwa, au ni ya sisi tunaomtazama? Nafikiri Lorde alikuwa sahihi juu ya nesi yule. Hata hivyo hasira yake siihamishii kwa Mary Mwangi, fundi cherehani wa Thika aliyeugua saratani ya matiti, ambaye hufuma matiti ya uzi na kuwafundisha wanawake wenzake kuyafuma. La silikoni bei yake haishikiki kwa mkulima wa viazi. La uzi unalifua na kulianika, na aliyelifuma naye amepitia kisu. Hakuna anayekwambia ulivae ili yeye ajisikie vizuri. Na mtoto anabaki na soksi zake.

Je, kucheka pamoja kunaongeza maisha? Nimesikia ikihubiriwa hivyo, kwa hiyo lazima niseme wazi. Mwaka 1989 David Spiegel na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet utafiti wa wanawake 86 ambao saratani yao ya matiti ilikuwa imesambaa. Waliokutana kila wiki katika kikundi waliishi kwa wastani miezi 36.6, wasiokutana miezi 18.9. Dunia ilifurahi. Lakini Pamela Goodwin na wenzake huko Kanada walilirudia jambo hilo kwa wanawake 235, na matokeo yao ya mwaka 2001 hayakuonyesha maisha marefu zaidi. Walichokiona ni maumivu kupungua na dhiki ya moyo kupungua, hasa kwa walioanza wakiwa na dhiki kubwa.

Mimi naona hiyo inatosha. Dawa inayopunguza maumivu hatuiulizi kama pia inaongeza miaka. Hatari ni ile ahadi nyingine, kwa sababu siku mama wa benchi akifariki, wapo watakaosema hakucheka vya kutosha, hakuwa na imani, alikata tamaa. Barbara Ehrenreich wa Marekani, aliyeugua ugonjwa huu mwenyewe, aliandika kwa ukali dhidi ya furaha ya kulazimishwa na riboni za waridi. Kila Oktoba, mwezi wa kampeni za saratani ya matiti, naona tumeanza kuwaiga wale aliowakemea. Mgonjwa ana haki ya kununa. Benchi linajua hilo: aliyenuna hupewa nafasi ya karibu na ukuta, na anaachwa.

Wala benchi lisitakaswe. Habari potofu nazo hupita hapo, na mzaha huzipa mbawa vilevile: juisi fulani inayoyeyusha uvimbe, mganga fulani wa ng'ambo ya msitu. Nimesikia mama mwenye uvimbe mdogo, wa kutibika, akishauriwa kwa kicheko angoje kwanza ajaribu mizizi. Dawa ya hilo ni kumweka nesi karibu, mtu atakayekaa na kusikiliza, na ambaye wagonjwa hawanyamazi akifika. Manesi wa aina hiyo wapo. Mara nyingi ni wale waliouguza mama zao.

Kwa hiyo ombi langu kwa kaunti na kwa hospitali zetu ni dogo. Msianzishe tiba ya kicheko, wala msilete mtaalamu wa kuwafundisha hawa mama kutabasamu. Angalieni kalenda. Dripu nyingi za saratani ya matiti hupangwa kila baada ya siku 21. Wawili walioanza siku moja wanaweza kwenda pamoja hadi mwisho, lakini mmoja akirudishwa wiki moja kwa sababu ya damu, hawaonani tena. Kwenye kadi ya kliniki kuna tarehe tu. Karani anaweza kuuliza umetoka njia gani na nani mwenzako, akawapanga wa barabara hii siku moja: Mau Summit, Sachangwan, Salgaa, gari moja, nauli ya kupatana. Atakayerudishwa, mwenzake aulizwe kama yuko tayari kumfuata, pale daktari anapoona haina madhara. Na viti viwe na mahali pa kuegemea. Mtu aliyepasuliwa kifuani hawezi kukaa saa sita kwenye ubao mtupu akacheka.