Mazungumzo: Njia Ile Ile, Saa Mbalimbali



Leo tuzungumze juu ya safari ya ndege. Tuchukue miji miwili ya bara la Asia: Delhi ya India na Tokyo ya Japani. Tukipima kwa mstari ulionyooka, kati ya miji hiyo kuna kilomita 5,850 hivi. Lakini ndege haifuati mstari huo. Mara nyingi huzunguka upande wa kusini ili kuiepuka milima mirefu ya Himalaya.

Tuseme tunazo tiketi mbili. Ya kwanza inasema: kuondoka Delhi saa 2 usiku, kufika Tokyo saa 1 asubuhi. Tukihesabu kwa vidole tunapata saa 11. Ya pili ni ya kurudi: kuondoka Tokyo saa 5 asubuhi, kufika Delhi saa 11 jioni, siku hiyo hiyo. Hapo tunapata saa 6. Je, kurudi ni kufupi kuliko kwenda? Hapana! Ni kinyume chake.

Tiketi hutaja saa za kila mji. Jua huchomoza Tokyo kabla ya Delhi, kwa hiyo saa ya Tokyo iko mbele kwa saa 3 na nusu. Safari ya kwenda, tunatoa: 11 toa 3 na nusu, zinabaki 7 na nusu. Safari ya kurudi, tunajumlisha: 6 na 3 na nusu, jumla 9 na nusu.

Mbona kurudi kunachukua saa 2 zaidi? Sababu kubwa ni upepo. Juu sana, kama kilomita 10 kutoka ardhini, huvuma upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki. Mjapani mmoja, Wasaburo Ooishi, aliupima katika miaka ya 1920 kwa kurusha maputo angani. Tuseme ndege ina mwendo wa kilomita 900 kwa saa, na upepo una kilomita 100. Ikisukumwa na upepo, ndege itakwenda 1,000. Ikipingwa, itakwenda 800. Ni kama mtumbwi mtoni: kuteremka na maji si sawa na kupanda.

Hesabu hii si mchezo. Mgonjwa anatakiwa kumeza vidonge kila baada ya saa 6. Amemeza Tokyo wakati wa kuondoka. Akiiamini tiketi ya kurudi, atangoja mpaka Delhi ndipo ameze tena. Kumbe zimekwisha pita saa 9 na nusu! Tarakimu alizisoma vizuri, ila hakuuliza: hii ni saa ya wapi?

Haya, tushike kalamu. Ndege nyingine imeondoka Delhi saa 3 usiku, ikafika Tokyo saa 2 na nusu asubuhi. Imechukua saa ngapi? Aliyepata 8 amepata.