Ujuzi Usioandikwa kwenye Hati ya Makabidhiano



Mtumishi wa umma nchini Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari afikapo miaka 55, na kwa kawaida hulazimika kuondoka akitimiza 60. Tarehe ya kuondoka kwake, basi, inajulikana tangu siku anayojaza fomu za ajira. Ofisi ina miaka thelathini ya kujiandaa. Kinachotokea wengi wenu mnakijua. Wiki ya mwisho inaandaliwa hati ya makabidhiano: funguo tatu, kompyuta moja ya mezani, viti viwili, kimoja kibovu, na mafaili kwa namba zake. Mkabidhi anasaini, mpokeaji anasaini, shahidi naye anasaini. Inafuata keki, soda na picha ya pamoja. Jumatatu yake simu ya mstaafu inaanza kuita.

Itaita zaidi kama alikuwa mtu wa masjala. Karani aliyekaa masjala miaka mingi anajua mengi kuliko namba za mafaili. Anajua kwamba jalada la kiwanja fulani lilijaa, likafunguliwa la pili, na barua inayotafutwa imebaki kwenye lile la kwanza. Anajua kwamba wilaya ilipogawanywa, nyaraka za zamani ziliendelea kukaa chini ya jina la wilaya mama. Anajua pia kwamba ofisa akilalamika faili halionekani, msako uanzie juu ya meza ya ofisa mwenyewe. Hakuna hata moja kati ya hayo lililomo kwenye hati ya makabidhiano, na mpokeaji alisaini kwamba amepokea kila kitu.

Sheria nazo zina upofu huohuo. Jirani zetu Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, wanamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi. Cheti kinataja jina la mwajiri na la mfanyakazi, aina ya kazi na mahali ilipofanyiwa, siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Amejifunza nini katikati ya tarehe hizo mbili, sheria haimlazimishi mtu kusema.

Hoja yangu jioni ya leo ni moja. Ujuzi wa kazi, kwa sehemu yake kubwa, hutengenezwa kazini, baina ya watu wanaofanya kazi pamoja. Kwa hiyo mwajiri anayelia kila mwaka kwamba wahitimu hawana ujuzi analilia jambo ambalo nusu yake ni wajibu wake mwenyewe. Nusu inayotuhusu sisi wa vyuo nitaifikia, sijaisahau.

Wazo kwamba ujuzi unaweza kuchotwa kichwani mwa mfanyakazi ukawekwa kwenye karatasi lina historia. Mwaka 1911 mhandisi Mmarekani Frederick Taylor alichapisha kitabu kilichoutaka uongozi wa kiwanda ukusanye maarifa yote ya mafundi, uyageuze kuwa kanuni, kisha uwarudishie mafundi kama maagizo. Viwanda vilipata tija kubwa kwa njia hiyo, tusimdhulumu. Ila alidhani maarifa yakishakusanywa yamekwisha, kana kwamba kazi ya kesho itafanana na ya jana.

Jibu ninalolipenda zaidi lilitoka ndani ya kampuni moja ya mashine za kurudufu, Xerox. Mwanaanthropolojia Julian Orr aliambatana na mafundi wa matengenezo wa kampuni hiyo, na mwaka 1996 akatoa kitabu juu yao. Kampuni ilikuwa imewapa miongozo minene: mashine ikionyesha alama hii, kagua kile, kama ni kizima, nenda ukurasa ule. Orr aliona kwamba mashine halisi hazifuati mwongozo. Ziliharibika kwa namna ambazo mwandishi wake hakuziwaza, na mafundi walizitatua kwa kusimuliana. Wakila pamoja, mmoja anaeleza mashine iliyomsumbua, mwingine anadakia kwamba naye iliwahi kumtokea. Mhasibu akipita mezani pale angeona watu wanapoteza muda wa kampuni. Baadaye Xerox ilianzisha mfumo wa kompyuta ulioitwa Eureka, ulioanzia kwa mafundi wake wa Ufaransa, ambamo fundi aliandika mbinu aliyogundua, wenzake wakaihakiki, na ikabeba jina lake. Jina hilo lilikuwa na uzito kwao.

Sasa twende kwenye gereji moja ya Gerezani, Kariakoo. Lori limeletwa linatoa moshi mweupe na linapoteza maji. Kijana anayejifunza tayari ameshika spana namba kumi na nne, anataka kufungua. Fundi anamzuia, anamuuliza oili ikoje. Kijana anachomoa kijiti cha kupimia, na oili imegeuka rangi, iko kama chai ya maziwa. Hapo anaelewa mwenyewe: maji yameingia kwenye oili, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Moshi mweusi ungempeleka kwenye filta ya hewa au nozeli. Wa bluu ungemwambia injini inakula oili.

Rangi hizo tatu zimo kwenye kitabu chochote cha ufundi wa magari. Kisichokuwamo ni kile anachokifanya fundi baadaye. Anamwendea dereva, anamsalimia, anamuuliza habari za barabara, mzigo ulikuwa wa nani, alilala wapi. Hamuulizi kama aliendelea kuendesha mshale wa joto ulipofika kwenye nyekundu, maana anajua dereva atakataa. Bosi wake yuko kwenye simu. Fundi anasema tu kwamba mlima ule unawasumbua wengi. Dereva anakiri kwamba alilisukuma lori mpaka juu. Kwa maneno hayo fundi anajua kwamba kubadili gasketi peke yake hakutoshi, hedi nayo ikapimwe kama imepinda. Kijana amesimama pembeni na spana yake, anasikiliza.

Nimekaa sana kwenye gereji kwa sababu ndiko ninakoona mafunzo ya kazi yakifanyika bila bajeti. Mahali penye bajeti mambo ni tofauti. Mchumi Gary Becker alieleza sababu mwaka 1964: ujuzi unaofaa kila mahali, mwajiri hana hamu ya kuugharimia, kwani mfanyakazi akishaupata jirani atamchukua kwa mshahara mzuri zaidi. Kila mmoja anangoja mwenzake afundishe. Ndiyo maana zikawekwa tozo. Kenya mwajiri hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Kwetu, tozo ya kuendeleza ufundi stadi ilikuwa asilimia 6 ya malipo ya wafanyakazi, ikashuka hatua kwa hatua hadi 3.5 mwaka 2023, na kwa miaka mingi theluthi yake moja tu ndiyo iliyokwenda kwenye mafunzo ya ufundi stadi. Mjadala wetu wa umma umekuwa juu ya kiwango. Ni nadra kusikia mwajiri akidai afundishiwe watu kwa fedha alizokwisha kulipa, na hilo linanishangaza kuliko kiwango chenyewe.

Kuna jambo moja VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wamelifanya vizuri, nalo ni urasimishaji wa ujuzi. Fundi aliyejifunzia mtaani, awe mwashi, mpishi, seremala au fundi magari, anapimwa akiwa anafanya kazi. Mpimaji anatazama mikono na kuuliza kwa nini umefanya hivi. Palipopungua anaongezewa mafunzo, kisha anapewa cheti.

Linganisheni na mwanafunzi wetu aliye fildi. Anatumwa kutoa kopi na kununua vocha. Daftari lake husainiwa siku ya mwisho, wiki zote nane kwa kalamu moja. Mhadhiri humtembelea mara moja, akanywa chai na msimamizi, akarudi na alama. Waajiri mliopo hapa mmesaini madaftari hayo, na sisi tumeyapokea.

Mapendekezo yangu ni madogo. Mwanafunzi wa fildi apimwe kama VETA wanavyompima fundi, akiwa kazini. Na katika PEPMIS, mfumo unaopima sasa utendaji wa watumishi wa umma, kumfundisha mwenzako kazi kuhesabiwe jukumu kamili, lenye saa zake na alama zake, hasa kwa aliyebakiza miaka miwili au mitatu kustaafu. Bila hivyo atafundisha kwa hisani, na hisani hukatizwa na kikao cha kwanza.

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, sisi tunaweza kuanza bila kusubiri waraka. Maabara na karakana zetu zinaendeshwa na mafundi sanifu ambao idara ya utumishi ina orodha yao, na tarehe zao za kustaafu zimo. Naomba kila atakayeondoka ndani ya miaka mitatu awekewe mtu wa kufanya naye kazi kuanzia muhula ujao, na saa zao za pamoja ziingie kwenye ratiba ya chuo kama vipindi vingine.