Tuache programu iseme: maneno kwa vijana wa kikundi cha video

Leo tunazungumzia kosa letu wenyewe, juu tulikosa mbele ya watu wote na muko na haki ya kujua ilienda aje.

Munakumbuka ile video ya robine ya mtaa. Baba mmoja anaanza kusema, kisha mama anaeleza namna watoto wanaamka saa kumi ya usiku kutafuta maji. Tuliitoa. Aliyeiangalia mpaka mwisho aliona maajabu: sauti ya mama inatoka, lakini kwenye ekra ni uso wa baba umeganda. Kisha kimya cha sekunde 28. Kisha mama anatokea, midomo inacheza, sauti hakuna. Chini yake watu wakaandika kwamba ni montaji, kwamba tumemupachika mama maneno. Na mama mwenyewe alipigiwa simu na ndugu zake wakimuuliza alilipwa ngapi. Hiyo njo ilituuma.

Hakuna aliyepachika kitu. Siye tunatumia FFmpeg, programu ya bure ambayo kodi yake iko wazi, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000. Unaiandikia amri, nayo inapitisha picha kwenye vichujio, kimoja nyuma ya kingine: hiki kinakata, hiki kinapunguza ukubwa, hiki kinaunganisha vipande. Kipande kibaya kikiingia mwanzoni, utakiona mwishoni tu, na hautajua ni chujio gani lilikiharibu. Isipokuwa uiache programu iseme.

Na siye tulikuwa tumeinyamazisha. Ile maandishi mingi inayopita kwenye ekra ilikuwa inatuchosha, basi mmoja wetu aliweka -loglevel quiet ndani ya amri na wote tukaikopi. Quiet inazima kila kitu, hata maonyo. Usiku ule kuran ilikuwa karibu kukatika, tukaangalia sekunde kumi za kwanza, tukatuma.

Kesho yake tuliondoa lile neno na kurudia amri. Onyo likatoka palepale: zaidi ya picha 1000 zimerudiwa. Na kwenye mstari wa chini, ule unaohesabu kazi, dup inapanda tu. Juu ya nini programu irudie picha moja mara elfu?

Hapo tulitia chujio linaloitwa showinfo, kati ya trim inayokata na concat inayounganisha. Showinfo haibadilishi picha. Inaandika mstari mmoja kwa kila picha inayopita: n ni namba ya picha, pts_time ni sekunde ambayo picha inatakiwa kuonekana, kisha ukubwa na aina yake. Mwanzoni mwa mstari utasoma kitu kama Parsed_showinfo_1. Ile 1 ni nafasi yake kwenye mfululizo, tukihesabu kuanzia 0. Ukiweka showinfo mbili, namba hiyo itakuambia nani anasema.

Kwa kipande cha mama tulisoma: n:0, pts_time:40. Picha ya kwanza, lakini saa yake ni sekunde 40! Tulikata toka sekunde 40 mpaka 52, na trim inakata bila kurudisha saa kwenye sifuri. Concat yenyewe inataka kila kipande kianze kwa sifuri. Kwa sauti tulikuwa tumeirudisha saa, kwa picha tulisahau. Basi sauti ikaanza mara moja, picha ikangojea sekunde 40, na kwa sababu tuliomba picha 30 kwa sekunde, programu ikajaza lile shimo na uso wa baba, mara 1200. Dawa ni maneno mafupi nyuma ya trim: setpts=PTS-STARTPTS. Siku mbili za matusi juu ya hiyo!

Mukiwa munatafuta kosa, musitengeneze video nzima kila mara. Mwisho wa amri wekeni -f null -, programu itafanya kazi yote bila kuandika faili ya video, na -t 5 inaisimamisha kwa sekunde tano. Ukitaka kujua kama programu imeongeza chujio lake yenyewe, kwa mfano la kubadilisha aina ya rangi, tumia -loglevel verbose. Debug inasema zaidi, lakini usianze nayo, utazama.

Ukiomba musaada, usitume picha ya ekra. Weka -report, itakuandikia faili yenye tarehe na saa kwenye jina lake, ndani amri yako na majibu yote. Ni maandishi, haikuli mega nyingi.

Lakini hapa tusikilizane vizuri. Ile faili ina majina ya faili zako. Kama uliita video kwa jina la mama, jina lake liko ndani. Pia programu inaandika habari ambazo telefone iliweka kwenye video, na kama GPS ilikuwa inawaka, mara nyingine kuna mstari wa location: ile namba inaonyesha mahali mulipomufilmia, pengine ni kwake nyumbani. Soma faili yote, futa hiyo, kisha tuma. Na toka leo tunaita faili kwa namba, hapana kwa majina ya watu.

Video iliyotengenezwa iko tayari. Mama ameiangalia jana pamoja na siye, toka mwanzo mpaka mwisho, na amekubali itoke. Itatoka leo jioni na maelezo ya kosa letu juu yake. Sasa fungueni ordinatere, tunaanza na kile kipande cha sekunde 40.