Bembea za Sikukuu na Msiba wa Mbali

(Hotuba iliyotolewa Kikwe, wilayani Arumeru, mbele ya wazazi na vijana wanaoandaa viwanja vya michezo ya watoto)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo. Watu wamekwisha kusimamisha bembea, wamekodi jenereta, wametangaza kiingilio, na watoto wameshonewa nguo mpya. Mara habari inafika kwamba mahali pa mbali ardhi imetetemeka, au mlima umeporomoka, au maji yamezoa watu. Je, wenye uwanja wafunge? Waendelee kana kwamba hawakusikia? Kijana mmoja wa kamati yetu alipouliza swali hili, baadhi ya wazee walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo liliwahi kunishinda.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba, 2016, yapata saa tisa na nusu alasiri, ardhi ilitetemeka mkoani Kagera. Kwa hesabu ya serikali watu 17 walifariki. Mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba zilibomoka au kupata nyufa hata wenyewe wakaogopa kulala ndani. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Rais wa wakati ule, hayati John Magufuli, aliahirisha safari yake ya Zambia. Sasa itazameni kalenda: Idul-Adha ilikuwa Jumatatu, tarehe 12.

Wakati huo nilikuwa miongoni mwa waandaaji wa uwanja mmoja wa watoto upande huu huu wa Mlima Meru. Tulikutana usiku wa Jumamosi. Mimi nilisema tufunge. Mzee mmoja akasema Bukoba ni ng'ambo ya Ziwa Viktoria, sisi tunahusikaje? Tukabishana hata usiku ukawa mkubwa, mwishowe tukapatana njia ya katikati: uwanja ufunguliwe, asubuhi watu wasimame kimya kwa dakika moja, na sanduku la michango liwekwe getini. Tukaenda kulala tukijiona tumefanya wema mkubwa.

Siku ya Sikukuu, dakika moja ya kimya ilisimamiwa vizuri. Sanduku likawekwa. Kisha, kama saa nne hivi, mwenye bembea ya mashua, ile inayopanda huku na kushuka kule, akagundua njia ya kuvuta wateja. Akachukua kipaza sauti akaanza kunadi: "Njooni mpande Tetemeko! Bukoba hiyo, mia tano tu!" Watoto wakacheka, na mstari ukawa mrefu kuliko wa bembea nyingine zote. Lazima niseme ukweli mbele yenu: hata mimi nilitabasamu kwanza. Tabasamu hilo lilikatika nilipomwona dada mmoja karibu na geti akiwashika mikono watoto wake wawili na kutoka nao nje, nao wakilia na kutazama nyuma.

Nikauliza, nikaambiwa ni mtu wa Bukoba aliyeolewa huku kwetu. Kesho yake nikaenda nyumbani kwake kumtaka radhi. Wazazi wake walikuwa wakilala nje, kwa kuwa ukuta wa nyumba yao ulikuwa umepasuka toka juu hadi chini. Alinikaribisha kwa adabu, akaniambia maneno ambayo sijayasahau. "Mwalimu, mimi sikutaka mfunge uwanja. Watoto wangu walikuwa wamesikiliza simu za kwetu kwa siku mbili, wananiona nikilia. Nikasema niwatoe, wakacheze, wasahau kidogo. Nilipofika nikasikia jina la kwetu linauzwa shilingi mia tano." Kisha akaongeza: "Lile sanduku lenu nililiona, na nilitia shilingi elfu moja. Je, mwenye bembea alitia ngapi?"

Sikuwa na jibu, kwa maana nilijua hakutia hata senti moja. Wala sisi wenye uwanja hatukutia.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanza kuielewa hesabu yetu ya usiku ule. Dakika ya kimya haikumgharimu mtu chochote. Sanduku lilichukua kwa wageni, na miongoni mwa wageni hao alikuwamo mfiwa mwenyewe. Mzaha wa mashua ulileta faida. Basi katika yote tuliyoyapanga kwa jina la watu wa Kagera, hapakuwa na hata moja lililotoka mfukoni mwetu. Na kule kufunga nilikokupigania mimi kungewagharimu nani? Kungewagharimu vijana wanaosukuma bembea kwa ujira wa siku na akina mama wenye bisi na ubuyu, na kungewafungia mlango watoto wa yule dada, waliokuwa na haja ya kucheza kuliko watoto wote wa mji.

Tusidhani kwamba mtihani huu ni wa viwanja vidogo kama vyetu tu. Tarehe 11 Machi, 2011, Japani ilipigwa na tetemeko na mawimbi ambayo katika pwani ya kaskazini-mashariki yaliua au kupoteza watu zaidi ya 18,000. Tokyo Disneyland, bustani ya burudani inayojulikana duniani kote, iko mamia ya kilomita kutoka pwani ile, lakini nayo ilitikiswa. Pamoja na bustani jirani ya kampuni hiyohiyo ilikuwa na wageni wapatao 70,000. Wafanyakazi walichukua vitu vya madukani, wakawapa watu midoli ya manyoya ya kufunika vichwa na peremende za kutuliza njaa, na maelfu ya wageni walilala palepale usiku ule. Tazameni, walianza na mali yao wenyewe. Bustani hiyo ilibaki imefungwa hadi tarehe 15 Aprili, na ilipofunguliwa ilifunga milango saa kumi na mbili jioni ili kupunguza matumizi ya umeme, maana nchi ilikuwa na upungufu wake. Aidha ilitangaza kwamba katika kila tiketi ya siku zile za mwanzo, yeni 300 zitakwenda kwa walioathirika. Taa zilizozimwa pale zilikuwa na maana, kwa sababu umeme ule ulihitajiwa na watu wengine.

Lakini Japani hiyohiyo inatufundisha na upande wa pili. Katika majuma yaliyofuata, watu wa miji isiyoguswa walijizuia na furaha zote. Sherehe zilifutwa, na hata matembezi ya kutazama maua ya mcheri, ambayo kwao ni desturi ya kila mwaka, yaliachwa na wengi. Ndipo wafanyabiashara wa Iwate, mojawapo ya majimbo yaliyopigwa, wakajitokeza kuomba watu wasijizuie hivyo, bali waendelee kununua bidhaa zao, kwani kujinyima huko kulikuwa kunawaongezea hasara. Waliofikwa na msiba walilazimika kuwaomba waombolezaji wapunguze kuomboleza! Kwa hakika, kama wangeulizwa mapema, wasingelazimika kuomba.

Hapa pana neno ambalo nataka vijana walishike. Kabla ya kuamua kufunga au kufungua, mtafuteni mtu wa mahali pale. Katika nchi yetu hapana mji usio na mtu wa Kagera, wa Hanang, wa Pemba au wa Mtwara. Sisi usiku ule tulibishana kwa saa tatu juu ya watu wa Bukoba, ilhali binti wa Bukoba alikuwa akiishi mitaa miwili kutoka tulipokaa, na hakuna aliyekwenda kubisha hodi.

Tena, neno hili "mbali" lisitudanganye. Tarehe 26 Desemba, 2004, tetemeko lilitokea baharini karibu na Sumatra, huko Indonesia. Nani huku kwetu angesema linamhusu? Saa kadhaa baadaye mawimbi yalifika Afrika Mashariki, siku ya mapumziko, fukwe zikiwa na watu. Hapa Tanzania watu wasiopungua kumi walipoteza maisha, wengi wao wakiwa wameingia majini kuogelea. Kenya, ambako watu waliondolewa ufukweni baada ya tahadhari kutolewa, alikufa mtu mmoja. Kwa hiyo mwenye mahali pa burudani asiyesikiliza habari za maafa ya mbali amekosa adabu, na zaidi ya hapo anaweza kuwa anahatarisha roho za wageni wake.

Nasi wa Kikwe tunakaa chini ya mlima. Wataalamu wa miamba wanasema kwamba maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Mlima Meru uliporomoka, na vilima vya Momela ni mabaki ya maporomoko hayo. Tarehe 3 Desemba, 2023, tope na mawe viliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuzika nyumba za Katesh, watu zaidi ya themanini wakafariki, nilisikia mtu akisema, "Hayo ni ya Manyara." Nikamwonyesha Meru kwa kidole, nikanyamaza.

Sasa tufanye nini Sikukuu ijayo, kama msiba utatokea? Napendekeza kwanza wenye bembea, wenye uwanja na kamati watenge sehemu ya mapato yao kabla sanduku halijawekwa, na kiasi hicho kiandikwe getini kwa maandishi makubwa ili mgeni akisome kabla ya kuombwa chake. Kipaza sauti kikabidhiwe mtu mzima mwenye busara, na lisinadiwe kwa jina la msiba lolote, wala tangazo letu lisijisifu kwa sadaka. Fedha zikishakusanywa zihesabiwe hadharani na stakabadhi ya zilikopelekwa ibandikwe mahali pa wazi. Hili la mwisho nalisema kwa kukumbuka kwamba mwezi uleule wa Septemba 2016 Rais aliwaondoa kazini watumishi wawili wa ngazi ya juu mkoani Kagera, kwa tuhuma za kufungua akaunti yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Mtoaji aliyetiliwa shaka mara moja, mara ya pili hufunga mkono. Kuhusu muziki, kila kamati ipime. Mimi naona upunguzwe, lakini sitagombana na mtu.

Yule mwenye bembea ya mashua yupo hapa leo, na ameniruhusu kusimulia. Baada ya kusikia habari za yule dada, alinyamaza muda mrefu, kisha akanifuata jioni akiwa na mapato yake yote ya siku ya pili ndani ya mfuko wa nailoni. Tukaenda pamoja. Akazihesabu noti na sarafu mezani mbele ya dada yule, zifike kwa wazee wake Bukoba. Dada akazipokea, akashukuru. Halafu akatoa shilingi elfu moja katika pochi yake akampa, akasema hiyo ni ya watoto wake wawili, kwa kuwa tangu juzi walikuwa wakimsumbua, bado wanataka kupanda ile mashua.