Mali na Tabia: Mafundisho ya Wayoruba



Leo twapenda kunena habari za Wayoruba wa Nigeria na Benin, maana katika dini yao ya asili mna mafundisho yatufaayo sisi tupokeao mshahara mwisho wa mwezi.

Mfuasi wa dini hiyo, akitaka kuanza biashara, huenda kwa babalawo, mwaguzi wa Ifá. Mwaguzi hutumia kokwa 16 za mchikichi, naye amejifunza kwa moyo mafundisho yaliyopangwa katika milango 256. Mara nyingi humwagiza mtu atoe sadaka kwanza, ndipo atazamie faida. Tena hufundisha kwamba mali pasipo iwa, yaani tabia njema, haidumu.

Wayoruba waliyaona hayo katika fedha yao ya zamani, kauri: 40 ni uzi mmoja, 2,000 kichwa kimoja, 20,000 mfuko mmoja. Tangu miaka ya 1840 wafanya biashara wa Ulaya walizisomba kauri za Unguja na pwani yetu, wakazipeleka Lagos kwa marikebu, hata zikazidi mno na thamani yake ikaanguka. Mwenye mifuko aliona mali yake ikipungua pasipo kuibiwa. Bali aliyeaminiwa na wenziwe, uaminifu wake haukupungua.

Uaminifu huo ndio msingi wa esusu, ambayo sisi twaiita upatu: kila mtu hutoa kiasi kile kile siku iliyowekwa, na jumla hupewa mmoja mmoja kwa zamu. Aliyekopa kwa tajiri, zamani, aliweza kuwa iwofa, yaani rehani ya deni. Akatumika, na kazi yake ikahesabiwa kuwa faida ya tajiri tu. Deni lilibaki vile vile.

Je, ndugu, karani aliyekwisha kula dukani mshahara wa mwezi ujao, naye si iwofa? Wengi wetu tumepita njia ya nyuma tusionwe na mwenye duka. Na upatu wetu ulivunjika kwa nini, ila kwa kuwa tuliopokea mwanzo tuliacha kutoa?

Hatusemi Mkristo au Mwislamu aende kwa mwaguzi. Twasema tabia ni mtaji. Basi tuuanze upya upatu wetu, na apokeaye zamu ya kwanza awe wa kwanza kutoa mwezi ufuatao.