Laini Ipi?

Msikilizaji wetu wa Mtendeni, hapa Tabora, ukisema "laini" una maana gani? Mama akisugua unga vidoleni, huuita laini. Neno hilo lina asili ya Kiarabu. Laini ya simu imetoka Kiingereza, na huko neno hilohilo ni mstari, mshipi wa mvuvi, mshororo wa shairi, foleni, hata njia ya reli, kama ile iliyofika hapa mwaka 1912. Sisi tukachukua jina la waya wa simu, tukakipa kikadi kidogo kama ukucha. Kikadi hicho kimesajiliwa kwa jina lako! Tafadhali, piga *106# uhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukiona usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma ikafungwe.